Maji Yalinikuta Msimbati

Kila mwaka, shule zikishafunguliwa na watoto wakishatulia, nachora ubaoni duara tatu: jua, dunia, mwezi. Naongeza mishale. Nawaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza namna mwezi unavyoivuta bahari ikajaa na kupwa. Naeleza kwa Kiingereza, maana ndivyo mtaala unavyotaka, kisha wananakili, wanafunga madaftari, wanakwenda kunywa chai. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Jumamosi ya tarehe 30 Juni 2018, saa kumi alasiri, nilikuwa nimesimama baharini maji yamenifika magotini, nimeikumbatia pikipiki isizolewe na mawimbi, ujue anayekusimulia ni mwalimu wa jiografia.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL 125, zile za kizamani ambazo mabwana shamba na watu wa miradi walizunguka nazo vijijini kabla bodaboda hazijaenea. Niliipata mnadani. Mradi mmoja ulikuwa umefika mwisho, ofisi inafungwa, wanauza kila kitu mpaka mapazia. Siti imechanika, tangi lina kutu, lakini kiki ya pili tu ikaitika. Fundi wangu wa Mbagala alikaa nayo mwezi mzima wa "kesho, madam", na siku ya kunikabidhi akalipigapiga tangi kama mtu anayeuza ng'ombe. "Hii itakuzika wewe," akasema. Niliipokea kama sifa.

Sikukosa wa kwenda naye. Nilitaka tu siku saba ambazo hakuna mtu wa kuniuliza "sasa tunakula wapi?" Wapo wenye sababu nzito za kusafiri peke yao, yangu ilikuwa hiyo. Na kusini nilikuchagua kwa maneno ya mwalimu mwenzangu wa hesabu, kwao Mtwara, aliyesema siku moja ofisini kwamba huko Msimbati ufukwe ni mgumu kama lami, unaendesha bahari iko mkono huu, minazi mkono huu, mpaka uchoke mwenyewe. Hakusema saa ngapi. Nami sikuuliza.

Barabara ya Kilwa nitaipita haraka. Mbagala mpaka Mkuranga ni vita na malori; ukishapita Kibiti watu wanapungua na upepo wa kusi unaanza kukusukuma ubavuni. Daraja la Mkapa lina mita 970, nililivuka gia ya pili ili niione Rufiji vizuri. Babu yangu mzaa mama alikuwa akisimulia habari za kulala Ndundu akingoja pantoni, amebeba kuku; daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 alikwisha kufa. Somanga nikala samaki wa kukaanga, mkavu, mtamu, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nangurukuru nikakunja kushoto, nikalala Kilwa Masoko. Kisiwani sikuvuka. Najua, najua, mwalimu mzima. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, ina miaka mia saba pale, nikajiambia itanisubiri. Mimi macho yalikuwa kwenye mchanga.

Njia nzima nilikuwa naulizwa swali lile lile. Kituo cha mafuta: "Dada, wenzio wamekuacha?" Trafiki aliyenisimamisha, nilipovua helmeti akasahau alichonisimamishia: "Kumbe mama! Uko na nani?" Na Lindi, mama lishe aliyenipa wali na pweza wa nazi alinikalia mbele kabisa, mikono imeshika kidevu.

"Mumeo anajua uko huku?"

"Sina mume, mama."

"Haya. Sasa nani anajua uko huku?"

Nikacheka, nikamwambia Mungu anajua. Hakucheka. Nililipa nikaondoka nimeudhika, nikiwaza hivi mwanamke akipanda chombo lazima atoe taarifa kwa taifa. Swali lile lilinirudia siku tatu baadaye, nalo likiwa na maana nyingine kabisa.

Mikindani nililala usiku mmoja, kwa kuwa nilipapenda. Mji umejikunyata kwenye hori lake, nyumba za mawe zinamomonyoka kwa utaratibu, boma la Mjerumani la mwaka 1895 juu ya kilima. Livingstone aliingilia hapa mwaka 1866, safari ambayo hakurudi nayo akiwa hai. Asubuhi niliwakuta wazee barazani, nikawaamkia, mmoja akaitazama pikipiki muda mrefu kisha akauliza kama inakunywa mafuta mengi. Nikamwambia haizidi sana ile ya bodaboda. Akawageukia wenzake: "Sikilizeni, haizidi bodaboda." Mada yao ya siku ikawa imepatikana.

*

Ijumaa nikatoka Mtwara mjini kuelekea Msimbati. Ni safari ya kilomita chini ya hamsini, na mtu wa Dar akisikia hivyo anadhani ni saa moja. Juni ni mwezi wa salfa. Watu huamka alfajiri, kabla upepo haujaamka, wakiwa na mashine mgongoni wanapulizia mikorosho, na unga ule wa njano unaning'inia shambani mpaka jua linapopanda. Nilipita nikiwa nimefunga kanga usoni na bado nilihisi kiberiti kooni. Mikorosho hapa ni mikubwa, matawi yamelala chini mpaka unaona kijumba cha giza ndani yake, na mbuzi wamekaa humo kama wageni.

Madimba kuna mitambo ya gesi. Uzio mrefu, mabomba, taa zinawaka mchana. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, na tangu 2015 inasafishwa hapo na kusukumwa mpaka Dar es Salaam kuzalisha umeme. Yaani feni ninayolala nayo Mbagala inazungushwa, kwa sehemu yake, na kilichotoka chini ya mikorosho hii. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kwa ajili ya gesi hiyo, na kulikuwa na vifo. Nilipunguza mwendo kupita pale. Sikuona aibu hasa, ila ni kama unapopita mbele ya nyumba ambayo una deni nayo.

Askari mmoja aliniuliza ninakokwenda na kitambulisho. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, mashambulizi yalikuwa yameanza Oktoba ya mwaka uliotangulia, na kila mgeni alikuwa anatazamwa mara mbili. Akaandika jina langu kwenye daftari la mraba. "Uko na nani?" Nikamwambia peke yangu. "Andika namba ya mtu," akasema. Nikaandika ya dada yangu.

Halafu barabara ngumu ikaisha.

Kama hujawahi kuendesha kwenye mchanga mkavu, nitakueleza hivi. Uko gia ya tatu, roho imetulia, mara usukani unaacha kuwa wako. Gurudumu la mbele linakwenda kulia bila kukuuliza, ukilirudisha linakwenda kushoto zaidi. Kwa woga unaachia mafuta. Hapo ndipo unapojimaliza, kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele na tairi linachimba kama jembe. Ukishtuka uko chini na pikipiki iko juu ya mguu. Nilianguka mara tatu katika umbali ambao mtoto angeutembea akila muwa. Mara ya tatu ekzosi iliniunguza juu ya kifundo, kovu ninalo mpaka leo. Baada ya hapo nikaanza kupiga kasia kwa miguu, gia ya kwanza, klachi inanuka.

Nyuma yangu ikaja Boxer. Dereva kijana, kandambili, hana helmeti, nyuma amefunga madumu manne ya lita ishirini na juu ya madumu kuna kikapu cha kuku. Alinipita akiwa amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki inacheza chini yake kama mbuzi anayevutwa kwenda asikotaka, na yeye juu ametulia tuli. Akafika mbele, akazima, akaegemeza mnazini, akarudi kwa miguu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Unaishika kama umemkamata mwizi. Iachie."

Nikamwambia nikiiachia naanguka. "Si unaanguka hata ukiishika?" Sikuwa na jibu. Akachutama, akafungua kifuniko cha vali ya tairi la nyuma, akaibonyeza kwa kijiti cha kiberiti, upepo ukatoka pssss muda mrefu mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Akaukandamiza mpira kwa kidole gumba, akaongeza kidogo. Kisha la mbele, ila hilo alilionea huruma zaidi. Tairi likilegea linatanua unyayo, akasema, kama ngamia. Ngamia amemwonea wapi sikumwuliza.

Mafunzo yake yalikuwa matatu, na aliyatoa akiwa anajipangusa jasho kwa fulana. Simama, uzito upeleke nyuma. Usitazame tairi, mtazame ule mnazi kule. Na ukiogopa, ongeza mafuta.

"Nikiogopa niongeze?"

"Ukiogopa ndiyo uongeze. Ukiachia, mbele inazama. Ukiongeza, mbele inakuwa nyepesi, inaelea. Itatikisika, iache itikisike, mambo yake hayo."

Miaka yote mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba hatari ikija unaachia mafuta. Kuuambia kinyume chake kulikuwa kazi. Nilisimama, nikamtazama mnazi, nikavuta resi. Pikipiki ikayumba, moyo ukapanda kooni, vidole vikataka kufunga, nikavikataza. Mara ikanyooka. Sijui nikuelezeje. Ni kama pale chombo kinapoacha kusuguana na mchanga na kuanza kuelea. Nilikwenda mpaka kwenye ule mnazi, nikaupita, nikakumbuka kwamba hakunifundisha kusimama, nikaanguka mara ya nne.

Kijana alikuwa anacheka mpaka kuku wakashtuka.

*

Msimbati nilipata chumba kwenye nyumba ya bibi mmoja anayepokea wageni. Chumba safi, chandarua kizima, kisima cha maji baridi nyuma ya nyumba. Alikuwa mfupi, mweusi tii, chale za Kimakonde zimefifia mashavuni, na maswali yake alikuwa anayapanga kama mtu anayehesabu korosho. Nina watoto wangapi. Nafanya kazi gani. Nikasema nafundisha jiografia. Akaguna kwa heshima.

Asubuhi ya Jumamosi alinikuta napaka cheni oili.

"Unakwenda wapi?"

"Ruvula huko, bibi, kutembea."

"Unarudi saa ngapi?"

Nikajibu kama mtoto aliyechoka kuulizwa: "Nitarudi tu, bibi."

Akatazama juu, mbinguni, ingawa mwezi ulikwisha kuzama. "Leo bamvua," akasema. "Maji ya saa kumi na moja yanafika kwenye mivinje."

Sasa naomba unielewe. Neno nililisikia. Nimezaliwa Temeke, bibi yangu ni wa Rufiji, bamvua si neno geni masikioni. Lakini lilipita kama majina ya samaki yanavyompita mtu asiyevua. Kama angeniambia kwa Kiingereza cha kitabu, ningemwambia pale pale: ndiyo, mwezi mpevu ulikuwa Alhamisi, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa kubwa kuliko siku zote, na maji makubwa zaidi hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka. Ningepata alama zote. Kumbe ndicho alichokuwa ananiambia, kwa neno moja. (Siku hizi nikifika kwenye mada ile naandika bamvua na kinyume chake, maji mafu, pembeni mwa ubao. Mkaguzi akija nafuta.)

Nikatoka saa mbili na nusu, na kwa saa tatu zilizofuata sikuwa na kosa lolote duniani.

Ufukwe ule maji yakipwa una mikanda mitatu. Juu, chini ya mivinje, mchanga ni mkavu na laini kama sembe, tairi linazama mpaka rimu. Chini, mawimbi yanapolamba, mchanga umeshiba maji, unang'aa, na ukisimama juu yake unaanza kukumeza taratibu. Katikati ni mkanda ulioachwa na maji ila haujakauka. Unyevu uliobaki unazishikamanisha chembe, na hapo ndipo penye ile lami ya mwalimu wa hesabu. Tairi halizami, linaacha mchoro tu, kama muhuri. Nikapanda gia mpaka ya nne, kilomita sitini kwa saa, kusi linanipiga usoni, kaa wadogo weupe wanakimbia mbele yangu kama karatasi. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Neno gani, sikumbuki. Labda halikuwa neno.

Mbali kwenye mwamba kulikuwa na wanawake wamejifunga kanga juu ya magoti, vijiti mkononi, wanachokoa pweza. Mmoja akainua kijiti kunipungia, pweza angali ananing'inia. Niliendesha chini ya mstari wa maji kujaa tu, na hili naomba kila mwenye chombo alisikie: eneo lote hili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kasa hutaga juu ya mstari ule, na tairi linaweza kufukia shimo la mayai bila wewe kujua. Wenye magari makubwa wanaopanda juu kupiga picha machweo, siwaelewi.

Ruvula nikaogelea. Maji ya pale yana kina cha ghafla. Hatua chache rangi ya kijani inageuka bluu nzito, na mkondo unakupapasa miguu. Nikala mkate na ndizi na samaki. Nikatandika kanga chini ya mvinje. Mvinje ukipigwa na upepo unatoa sauti ya mtu anayekunyamazisha. Nikalala.

Niliamka saa tisa kasoro. Jambo la kwanza niliona ni kwamba mwamba wa wale wanawake haupo.

*

Ningeweza kukaa. Nataka niliseme hilo kwanza, maana kila ninayemsimulia ananiuliza. Ningekaa chini ya mvinje mpaka usiku maji yapwe. Lakini nilitazama mkanda wangu mgumu, ukawa umebaki kama upana wa mkeka, nikafanya hesabu ya mtu mwenye haraka: si mbali, dakika ishirini nimefika.

Mkanda ukaisha nikiwa nusu ya njia. Nikajaribu kupanda juu kwenye mkavu. Mteremko wake ni mkali, nyuma ikachimba, nikaishusha tena. Nikaendesha ndani ya ule ulimi wa wimbi, maji yananirukia, nikikumbuka "ukiogopa ongeza", na nikaongeza, na ikawa sawa, na ikawa sawa, mpaka nikafika pahali ambapo asubuhi kulikuwa na kijito kikavu kinachoshuka kutoka kwenye mikoko. Sasa kilikuwa mfereji. Gurudumu la mbele likaingia. Wimbi likaja na ukimya wake. Injini ikapiga chafya mbili, ikafa.

Hapo ndipo uliponikuta mwanzoni mwa makala hii.

Pikipiki ya kilo mia na kidogo, ikikaa kwenye mchanga ulioshiba, haina uzito unaojulikana. Kila wimbi likirudi linachota mchanga chini ya tairi na kuizamisha kidogo. Nilivuta, nikasukuma, nikalia kidogo, nikavuta tena. Hakukuwa na mtu ufukweni. Hata mmoja. Asubuhi kulikuwa na wavuvi, wenye nyavu, wapita njia, sasa pametupu. Sababu yake niliijua baadaye: saa kumi na moja Ufaransa ilikuwa inacheza na Argentina, Kombe la Dunia, hatua ya mtoano, na wanaume wote wa kijiji walikwisha kwenda kuwahi nafasi kwenye banda la video.

Waliokuja walikuwa watoto. Watano, wanakimbia juu ya mstari wa mivinje, na wa mbele akaninyooshea kidole akapiga ukelele: "Huyu hapa!" Si "tazama". Alisema huyu hapa. Walikuwa wananitafuta. Nyuma yao wakaja wasichana wawili na kamba ya kisima, na nyuma kabisa bibi, ameshika kanga yake, anatembea bila haraka yoyote. Maji yalipoanza kupanda na mimi sijarudi, akawatuma. Alijua niko upande gani kwa sababu aliniuliza.

Tulifunga kamba kwenye uma wa mbele. Bibi akasimama kwenye mkavu na kutoa amri. "Ngojeni wimbi. Ngojeni. Sasa!" Wimbi linapoingia linainyanyua, hapo ndipo pa kuvuta, likirudi, tulia, usishindane nalo. Mawimbi saba au manane hivi. Pikipiki ikapanda kama mfu anayefufuliwa kwa shingo upande, imejaa mwani, maji yanatoka ekzosi kama birika. Nami mkono ukaenda kwenye kiki.

"Usiguse!" akasema mtoto wa mbele. "Kaka anasema usiguse kiki. Ukipiga, ndiyo umeiua."

Kaka ni yule wa madumu. Walikwisha kumpitia bandani. Alituma maneno hayo, na jingine la ziada: atakuja mpira ukiisha.

Tukaisukuma mpaka uani. Nikaimwagia maji ya kisima ndoo baada ya ndoo, ile chumvi itoke kwenye spoku na cheni, nikasikia bandani makelele yanapanda na kushuka. Mabao saba yalifungwa jioni ile, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuishiwa moyo mara saba. Ufaransa 4, Argentina 3. Kijana aliingia uani gizani, kimya, uso umefungwa. Nikamwuliza vipi. "Mtoto wa miaka kumi na tisa," akasema. "Mbappé. Mawili." Akachutama mbele ya injini kama mtu aliyefiwa.

Lakini mikono yake ilikuwa na huruma. Nilimmulikia kwa simu. Alitoa plagi kwanza, akaikausha kwa moto wa jikoni. Ndipo akapiga kiki yeye, polepole, na kwenye tundu la plagi yakaruka maji, mara ya kwanza mengi, mara ya kumi mvuke tu. Akafungua bakuli la kabureta, akalimwaga kiganjani, akanusa. Kisha akafungua nati ya chini na oili ikatoka. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nzito, ya kijivu kidogo, ikadondoka kwenye sufuria bila sauti. Bibi aliyekuwa amekaa kizingitini akasema, "Hiyo imekunywa."

Akaisuuza kwa dizeli mara mbili. Dukani walikuwa na oili ya lita moja, lita ile ile ninayohitaji. Saa tatu usiku, mwezi umeshatoka juu ya mikorosho, kiki ya nne, ikakohoa moshi mweupe, ikawaka. Watoto wakashangilia kuliko walivyoshangilia mpira.

"Nilikwambia bamvua," bibi akasema tulipokuwa tunakula.

"Uliniambia, bibi."

"Sasa hiyo, hiyo unayofundisha. Inahusu nini?"

Nikamwambia: milima, mito, mvua, upepo. Nikanyamaza kidogo. "Na bahari."

"Aa," akasema, akaniongezea mboga.

Kijana alidai pesa ya oili na dizeli, na ya kazi akasema nitajua mwenyewe. Nilimpa niliyojua, akaihesabu, akarudisha noti moja, kwamba hiyo ni nyingi. Kesho yake nikamwomba aijaribu kabla sijaanza safari. Alisema tungoje, leo maji yatapwa saa sita, kila siku yanachelewa saa moja kasoro. Basi tukangoja, mimi na yeye na watoto, tumekaa kwenye gogo la mtumbwi uliooza, tukiangalia mkanda unavyojitokeza kidogo kidogo chini ya maji. Saa tano na nusu akainuka, akaipanda Honda yangu pekupeku, akaondoka. Alisimama, magoti yamelegea. Akawa mdogo, akawa kidoa, sauti ikapotea kabisa kwenye kusi, kisha ikarudi.

Akazima mbele yangu, akainama kutazama.

"Cheni imelegea," akasema. "Na huku nyuma bado una upepo mwingi, dada."